Maswali ya udaktari: pointi, karo, maiti na wodi

Tangu matokeo ya KCSE yatoke, maswali tunayopokea kutoka Kisumu, Kakamega, Nakuru na vijiji vya pembeni yamezidi nafasi tuliyo nayo. Tumechagua saba. Wengi wanaokwama katika safari hii wana akili za kutosha. Kinachowakwamisha ni jambo dogo ambalo hakuna aliyewaambia mapema.

Nimepata A-, pointi 76. Baiolojia A, Kemia A-, Hisabati A-, Kiingereza B+, Kiswahili A. Mwalimu anasema sifiki udaktari, mjomba anasema nimefika. Nani mkweli? (Kijana wa Mumias)

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kuruhusiwa kuomba, na kupata nafasi. Ili uruhusiwe kuomba shahada ya udaktari na upasuaji, unahitaji angalau B katika Baiolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Hapo umepita bila shida. Kupata nafasi ni ushindani, na ushindani hupimwa kwa pointi za klasta, yaani za kundi la masomo manne ambayo kozi inayataka.

Kuna hesabu ambayo shule nyingi huitumia kukadiria. Unajumlisha pointi za masomo manne ya klasta na kugawa kwa 48, kisha unachukua jumla ya masomo yako saba na kugawa kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeo cha pili, halafu zidisha kwa 48. Ukitumia Kiingereza, masomo yako manne yanafika 44 na klasta inakuwa kama 43.7. Ukitumia Kiswahili yanafika 46 na klasta inapanda hadi 44.7. Kinachohesabiwa ni lugha uliyofanya vizuri zaidi, kwa hivyo A yako ya Kiswahili imekuongezea karibu pointi nzima. Huenda mwalimu alihesabu kwa Kiingereza. Hata hivyo haya ni makadirio tu. Namba itakayokuamulia ni ile utakayoiona ukifungua akaunti yako ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo.

Kwenye akaunti hiyo hiyo utaona pointi za miaka iliyopita kwa kila chuo. Hakuna aliyekaa akazipanga ziwe mpaka. Ni pointi za mwanafunzi wa mwisho kupata nafasi mwaka ule, na mwaka huu zinaweza kupanda au kushuka kulingana na walioomba. Ukiwa chini kidogo ya namba ya mwaka jana, omba tu. Ukiwa chini kwa pointi tatu, usilipoteze chaguo lako la kwanza hapo.

Angalia vyuo vya upande wetu pia, usiishie Nairobi. Moi iko Eldoret, Maseno hufundishia Kisumu, Egerton Nakuru, Masinde Muliro Kakamega, na kuna Chuo Kikuu cha Kisii. Na soma jina la kozi neno kwa neno kabla ya kubonyeza. Kila kozi katika kila chuo ina msimbo wake (code), na majina yanafanana. Kila mwaka kuna anayedhani ameomba udaktari kumbe ameomba shahada ya sayansi ya tiba ya kliniki, ambayo ni ya matabibu (clinical officers). Ni kazi ya heshima, lakini si ile aliyoikusudia, na huwa anagundua akiwa na barua mkononi.

Nina C+. Nirudie mtihani au niende KMTC? (Msichana wa Bungoma)

Jiulize kwanza unataka nini: kutibu watu, au kuitwa daktari? Kama ni kutibu, KMTC ndicho chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba: diploma ya tiba huchukua miaka mitatu ya masomo na mwaka mmoja wa mazoezi, na kiwango cha kuingia ni C ya jumla pamoja na masharti ya masomo kama Baiolojia na lugha. Katika zahanati na vituo vingi vya afya vya mashambani huku kwetu, tabibu ndiye anayempokea mgonjwa, kumpima na kumwandikia dawa. Baadaye, ukiwa na diploma nzuri, baadhi ya vyuo vikuu hukubali ombi lako la udaktari. Njia hiyo ni ndefu, ila ipo.

Kurudia kuna maana ikiwa unajua hasa kilichokuangusha. Kutoka C+ hadi A- ni mruko wa gredi nne, na unafanya upya masomo yote. Aliyekuwa mgonjwa mwaka wa mtihani ana sababu ya kurudia. Aliyesoma vizuri, akafanya mtihani akiwa mzima na kupata C+, tungemshauri aende KMTC.

Mwanangu amepata nafasi ya udaktari. Mimi nauza samaki Bondo. Nimesikia karo inapita laki tano kwa mwaka. Nitaitoa wapi? (Mama wa Bondo)

Hongera sana, mama. Usiuze shamba bado.

Kiasi kinachotajwa kwenye barua ni gharama ya kozi nzima kwa mwaka. Hutarajiwi kuilipa yote. Katika mfumo ulioanza 2023, familia ziliwekwa katika makundi matano kulingana na uwezo. Familia ya kundi la chini kabisa ilipangiwa kulipa asilimia 5, ufadhili wa serikali ukibeba 70 na mkopo 25. Familia ya kundi la juu ilipangiwa asilimia 40. Mfumo huo umepingwa mahakamani na umekuwa ukirekebishwa, kwa hivyo ushike zaidi barua ya mwaka huu wa mwanao kuliko maneno ya jirani ambaye mtoto wake aliingia mapema.

Kosa kubwa ni kudhani pesa hizo huja zenyewe. Haziji. Mwanafunzi lazima aombe mwenyewe mtandaoni, ufadhili na mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), akiwa na kitambulisho chake, namba za vitambulisho vya wazazi, cheti cha kuzaliwa, na wadhamini wa mkopo. Kama mzazi mmoja amefariki, tafuteni cheti cha kifo sasa hivi, kwa maana hicho ndicho kinachochelewesha wengi. Na ajaze ukweli kuhusu nyumba, kazi na ndugu walio shuleni. Asiyejaza sehemu ya ndugu zake anaonekana hana mzigo nyumbani, kisha anapangwa katika kundi la wenye uwezo. Akipangwa vibaya, akate rufaa kabla ya muhula kwisha.

Pesa ya karo huenda chuoni moja kwa moja. Ile ya matumizi huingia kwa mwanafunzi, na mara nyingi huchelewa, kwa hivyo mfungieni nauli na chakula cha miezi miwili ya kwanza. Basari ya kaunti na ya NG-CDF (hazina ya maendeleo ya eneo bunge) ombeni zote mbili, na mhakikishe hundi ina namba ya usajili ya mwanafunzi. Hundi yenye jina tu inaweza kukaa ofisi ya fedha muhula mzima bila kuingizwa kwenye akaunti ya mtu.

Jambo la mwisho, mama: mtu asikushawishi kununua stetoskopu ya bei ghali mwaka wa kwanza. Hataitumia sana mpaka aanze wodi. Anachohitaji sasa ni makoti meupe mawili ya pamba, glavu, na pesa ya kutoa nakala.

Kuna wakala anayetupeleka ng'ambo kusomea udaktari bila kujali gredi. Nimwamini? (Kakamega)

Usilipe hata shilingi kabla ya kuuliza Baraza la Madaktari, KMPDC, kama chuo hicho kinatambuliwa na kama gredi zako zinakubalika. Aliyesomea nje hurudi na kufanya mtihani wa baraza kabla ya kuruhusiwa kufanya mazoezi ya hospitali. Maneno "bila kujali gredi" yanatosha kukufanya umuage wakala huyo.

Niko mwaka wa kwanza, Nakuru. Chumba cha maiti tunamojifunzia anatomia kinanishinda: harufu, kizunguzungu, na sikumbuki chochote. Niache? (Mwanafunzi)

Usiache. Tuanze na mwili wako, kisha masomo.

Kizunguzungu cha siku za kwanza mara nyingi hutokana na kusimama saa mbili bila kusogea, tumbo tupu, ndani ya chumba chenye joto. Kunywa chai na ule kitu kabla ya kuingia. Usikaze magoti, badilisha mguu unaouegemea. Ukihisi jasho baridi na masikio kuziba, keti chini papo hapo, usijikaze mpaka uanguke. Inayowasha macho na pua ni formalini iliyohifadhi maiti. Simama karibu na dirisha, vua lenzi za macho uvae miwani, na koti la maabara lifuliwe peke yake.

Sasa kazi yenyewe. Wanafunzi wengi wapya hukata kwa kina kirefu. Ngozi ya upande wa ndani wa mkono ni nyembamba, na neva za ngozi zimelala kwenye mafuta yaliyo chini yake tu. Ukizamisha kisu, umeshazikata kabla hujaziona, na kundi lenu zima limepoteza kitu ambacho hakirudi. Kata ngozi peke yake. Baada ya hapo weka kisu chini, uchukue mkasi, uuingize ukiwa umefungwa, halafu uufungue taratibu ndani ya mafuta ili uyatenganishe. Mafuta hutengana, neva hubaki kama uzi mweupe uliokaza kidogo.

Kuhusu kusahau: usikariri majina yakiwa orodha. Chukua mtandao wa neva unaotoka shingoni kuingia mkononi. Una mizizi mitano kuanzia C5 (neva ya tano ya shingo) hadi T1 (ya kwanza ya kifua), vigogo vitatu, migawanyiko sita, kamba tatu, na matawi makuu matano. Uchore kwenye karatasi tupu kila asubuhi kwa siku kumi, bila kuangalia kitabu, kisha usahihishe kwa kalamu nyekundu. Halafu uupe sababu ya kukaa kichwani. Neva ya radiali hupita nyuma ya mfupa wa humerasi, imeugusa kabisa. Mwendesha bodaboda akianguka na kuvunja mfupa huo katikati, neva inaweza kuumia papo hapo, na anapofika hospitali kiganja kimelegea, hawezi kukiinua. Ukimwona mmoja hutasahau neva hiyo inapita wapi.

Mtihani wenyewe ni wa vituo. Pini imechomwa au uzi umefungwa kwenye kitu, una dakika moja au mbili, kengele inalia, unahama. Hakuna kurudi nyuma. Kwa hivyo fanyeni zoezi hilo hilo kila Ijumaa mkiwa wanne: mmoja anafunga uzi, watatu wanajibu kwa maandishi. Anayesoma picha za kitabu tu hufeli, kwa kuwa kitabuni ateri ni nyekundu na neva ni njano, lakini mezani vyote vina rangi ya kahawia.

Mimi ni Mluhya nasomea Kisumu. Sijui Kijaluo. Nitawahoji vipi wagonjwa? (Mwaka wa tatu)

Wagonjwa wengi wa mjini wanajua Kiswahili, na hapo ndipo hatari nyingine inapojificha: unadhani mmeelewana. Mgonjwa akisema ana "homa", kwa wengi hapa Kenya hayo ni mafua. Wewe umeandika joto la mwili. Akisema mtoto "ana kifua", inaweza kuwa kikohozi cha juzi, pumu ya miaka mitano, au kifua kikuu. "Anaendesha" ni kuhara. "Presha" mara ni ugonjwa wa shinikizo la damu, mara ni wasiwasi tu. Kwa hivyo baada ya kila neno kama hilo uliza: unahisi nini hasa? Joto au baridi? Kilianza lini, kabla ya mazishi au baada? Mashambani, tukio hukumbukwa kuliko tarehe.

Kwa mzee asiyejua Kiswahili, mwombe muuguzi akutafsirie. Mwangalie mgonjwa, si mtafsiri, na uulize jambo moja kwa wakati mmoja. Usimtumie mtoto wa mgonjwa kutafsiri mambo ya hedhi, uzazi au virusi vya ukimwi. Mama atakuficha, na ana haki. Nawe jifunze maneno machache. "Oyawore" asubuhi, "erokamano" ukimaliza, na "rem", yaani maumivu, ukionyesha kwa mkono. Katika ile hospitali ya rufaa ya Kisumu ambayo wakazi bado wanaiita Russia, salamu moja ya Kijaluo humfanya nyanya ageuke na kukutazama.

Na ukikutana na mtoto mwenye macho ya manjano anayelia kwa maumivu ya mifupa, kumbuka selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, mapema. Ukanda wa ziwa una malaria nyingi na selimundu nyingi pia. Macho hayo si ya malaria peke yake.

Nikichomwa na sindano iliyotumika wodini nifanye nini? Na nikimaliza miaka sita, nalipwa lini? (Eldoret)

Osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue, usitie dawa ya kuchoma. Mwambie msimamizi wa wodi saa hiyo hiyo, hata kama unaogopa kukemewa. Mgonjwa ataombwa apimwe, nawe utapimwa. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zianze haraka iwezekanavyo, ndani ya saa chache ikiwezekana na kamwe zisipite saa 72, kisha zimezwe kwa siku 28 bila kuruka. Wengi wanaozikatiza njiani ni kwa sababu ya kichefuchefu. Rudi kliniki ubadilishiwe, usiache. Kwa homa ya ini aina ya B, kinga yako iwe tayari kabla hujaingia wodini: chanjo tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu ikitimia miezi sita. Anza mwaka wa kwanza. Na usirudishe kifuniko kwenye sindano kwa mikono miwili, kwani wengi huchomwa hapo hapo.

Kuhusu malipo: baada ya miaka sita kuna mwaka mmoja wa daktari mwanagenzi (intern), unaozunguka upasuaji, magonjwa ya ndani, watoto, na uzazi. Malipo ya wanagenzi yalikuwa kiini cha mgomo wa siku 56 wa 2024, na kupangiwa hospitali kunaweza kuchelewa miezi. Panga pesa za kusubiri. Chuo kinapopeleka jina lako KMPDC mwaka wa kwanza, hakikisha limeandikwa sawa na kwenye kitambulisho na cheti cha KCSE, herufi kwa herufi. Kulirekebisha ukiwa mwaka wa kwanza ni barua moja. Ukingoja hadi mwaka wa sita, wenzako watapangiwa hospitali wewe bado uko kwenye foleni ya hati ya kiapo.