Ukifika Lamu, Anza na Nyumba

Wageni wengi wanaoshuka gatini Lamu hupelekwa kwanza Ngomeni, ile ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, kisha kwenye makumbusho makubwa yanayotazama bahari. Nyumba ya Kiswahili, iliyo ndani mitaani, huachwa mwisho, jua limeshapanda na miguu imechoka. Igeuze ratiba hiyo. Nenda kwenye nyumba kwanza, asubuhi, na ujipe muda.

Ni nyumba ya karne ya 18, inayotunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na si kubwa. Mwenye haraka huizunguka kwa dakika kumi, akapiga picha za kuta, akatoka. Roho huniuma nikiwaona, maana nyumba hizi zilijengwa ili mtu aingie kwa hatua, na kila mtu alikuwa na mahali pake pa kuishia.

Basi nawe ingia hivyo. Kaa kidogo kwenye baraza za daka, ukumbi wa mlangoni, ambapo mwenye nyumba alizungumza na watu wa kuja na kuondoka. Ukivuka mlango utakuta njia imepindishwa makusudi, mpita njia asione ndani. Hapo unatokea kiwandani, yaani ua wa ndani ulio wazi, unaoipa nyumba mwanga na hewa. Kisha panda msana wa tini, yaani ukumbi wa chini, halafu msana wa yuu, ule wa juu, halafu chumba kiitwacho ndani. Angalia miguu yako: kila chumba sakafu inainuka kidogo, mwanga unapungua, na nakshi za chokaa zinazidi. Ukuta wenye zidaka nyingi, vile vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu, uko huko ndani kabisa, mbali na macho ya mtaa. Nyuma yake ni nyumba kaa, chumba walichooshewa maiti wa nyumba.

Halafu inua kichwa. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti haziwezi kuvuka zaidi ya mita tatu hivi. Mkoko ndio ulioamua upana wa chumba cha tajiri.

Msipite chooni mkicheka, hasa mkiwa na watoto. Katika birika la maji walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini yake zikapachikwa bakuli za kaure ya Kichina, ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kuishi. Mimi huwa nakaa hapo muda mrefu kuliko mbele ya zidaka. Sijaona ushahidi bora wa akili ya wenyeji wetu.

Muulize mtunzaji maswali ya kazi: nani aliteka maji? Nani alipika, na wapi? Nani alisaga chokaa? Majumba haya yalisimama juu ya utajiri wa biashara na wa mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa, na nakshi peke yake haitakusimulia hayo. Mtunzaji akiulizwa kwa heshima hufunguka. Na kama una bibi au shangazi aliyelelewa katika nyumba ya mawe, mchukue. Atataja matumizi ya vitu ambavyo havikuandikiwa maelezo yoyote.

Mikono iwe mbali na nakshi. Chokaa ya zamani hushika mafuta ya vidole na hubanduka, na mafundi wanaoweza kuirudisha si wengi.

Ukitoka, usikimbilie Ngomeni. Zunguka mitaani kwanza. Sasa utayatambua madaka, na juu ya vichochoro utaona wikio, vyumba vinavyounganisha nyumba mbili. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, lakini watu wanaishi humo. Piga hodi, omba ruhusa kabla ya picha, na mlango uliofungwa uache ulivyo.