Hotipoti ya mwanangu ilikuwa inarudi imejaa

Wiki ya pili tangu mwanangu aanze dawa ya ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kukazia akili kitu kimoja, mwalimu wake alinipigia kunipa pongezi: ametulia, anamaliza kazi zake. Jioni hiyo nikafungua hotipoti yake, nikakuta wali na maharage vilevile nilivyopakua alfajiri. "Mama, sikusikia njaa."

Ana miaka minane. Alianza dawa akiwa na kilo 25. Mwezi wa pili mizani ikasoma 23 na nusu, na kaptula ya shule haikai bila mkanda. Mama mkwe aliposhuka kutoka Kibosho alimshika mkono mtoto, akanitazama mimi. "Huyu ana minyoo, au humu ndani hakuna chakula?" Nikanywa chai yangu kimya.

Dawa yenyewe ni methilifenidati. Inafanya kemikali mbili za ubongo, dopamini na noradrenalini, zikae zaidi kati ya seli zake, ndiyo maana mtoto anaweza kutulia na kitu kimoja mpaka kiishe. Lakini hapohapo hamu ya kula inafifia. Kidonge cha muda mfupi hufanya kazi kama masaa manne, cha muda mrefu masaa manane hadi kumi na mawili. Chake ni cha muda mrefu: akimeza saa moja asubuhi, kengele ya chakula cha mchana inalia dawa ikiwa imepamba moto. Na mimi nilikuwa namgombeza. Siku moja hata fimbo niliiweka mezani, sijivunii.

Halafu usiku mmoja, saa tatu, nikamkuta jikoni gizani anakwangua makande ya baridi kwenye sufuria kwa mwiko. Kumbe njaa ipo, ila ina saa zake.

Basi nikahamisha chakula. Anaamka saa kumi na mbili, anakula kwanza: uji wa ulezi wa maziwa na siagi ya karanga, yai, ndizi. Dawa inafuata. Ukitanguliza dawa, asubuhi imekwenda hiyo. Shuleni anabeba nusu parachichi na karanga kidogo, na akirudi nazo sisemi kitu. Jioni ni mtori wenye nyama, kisha saa tatu sahani ya pili, hakuna maswali. Soda na biskuti za saa kumi nilizikata, zilikuwa zinaila ile njaa ya jioni.

Uzito tunapima kila mwezi, mizani ileile ya duka la dawa karibu na soko la Mbuyuni, bila viatu, naandika kwenye daftari. Urefu naweka alama ya penseli kwenye fremu ya mlango kila miezi sita, maana wapo wanaorefuka polepole kidogo wakiwa kwenye dawa hizi. Daktari alilifurahia daftari kuliko maelezo yangu yote. Akaniambia uzito ukiendelea kushuka tunaweza kupunguza kipimo cha dawa, kuibadili, au kumpumzisha wakati wa likizo, ila nisijiamulie mwenyewe. Alijuaje? Nilishapanga kuruka Jumamosi na Jumapili.

Mwezi uliopita amesoma kilo 25 na robo. Mama mkwe habari za dawa bado hataki kuzisikia, lakini siku hizi akija, kiburu chake cha ndizi na maharage anakiinjika jioni.