Swali lako la Corrales, na lile la taulo

Kirumba, Mwanza

Mwanangu,

Ujumbe wako ulinikuta jana jioni Mwaloni, tunawahi kufunga magunia ya dagaa kabla mvua haijashuka. Niliusoma harakaharaka nikarudisha simu mfukoni. Usiku nimeusoma tena, taratibu. Unasema kijiweni kwenu Manzese mmelitazama pambano la ngumi la Diego Corrales na José Luis Castillo, mkabishana nusura mshikane mashati: hawa wanasema Corrales alishinda kwa moyo, wale wanasema aliiba muda kwa ile kinga ya meno. Ukaniuliza, ningekuwa kwenye kona yake, mimi ndiye ninayemhudumia kati ya raundi na mwenye uwezo wa kumtoa pambanoni, ningefanyaje. Halafu chini kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa ameshafika mlangoni, ukaandika: "Na mimi mbona ulinitoa?"

Ngoja nianze na Corrales. Hilo lako nitalifikia, silikwepi.

Walipigana Las Vegas, tarehe 7 Mei 2005. Mimi nililiona baadaye, kwenye kibanda umiza kimoja hapa Kirumba, tumebanana kwenye mabenchi jasho linatutoka. Corrales alikuwa mrefu kuliko mwenzake, mikono mirefu, ngumi nzito. Kwa umbo lile ungetegemea akae mbali, ampige Castillo kabla hajafika. Hakukaa mbali. Raundi baada ya raundi walisimama kifua kwa kifua, kila mmoja kichwa chake begani kwa mwenzake, wakitwangana ngumi fupi za mbavu na kidevu. Wanaosema pale hapakuwa na mbinu, waambie waangalie upya, na safari hii waache kutazama ngumi, watazame mabega na viwiko. Castillo alikuwa fundi wa kupigana karibu. Anakuegemea, anakusukuma kidogo kwa bega, anapata nafasi ya kiganja kimoja, anapitisha ngumi ya ini. Corrales naye alikuwa akikunja ile mikono mirefu apige kutoka humohumo ndani, na kwa mtu mrefu hiyo ni kazi inayochosha kuliko kukimbia. Mimi ningemtaka akae mbali. Alichagua njia ya gharama kubwa, lakini aliichagua akiijua.

Sasa raundi ya 10, hiyo inayowagombanisha. Castillo akamwangusha kwa ngumi ya kushoto, kinga ikatoka mdomoni. Akainuka. Hata hajatulia, akaanguka tena, macho yamevimba, na kinga akaitoa tena. Mwamuzi Tony Weeks akamkata pointi moja kisha akamruhusu aende kona ikaoshwe na kurudishwa.

Hapo ndipo wenzako wanaposema wizi. Mwanangu, mimi sitamsafisha. Kutoa kinga ili upate pumzi ni kosa, na aliyetoza pointi alitoza kwa haki. Lakini sekunde zilezile Castillo naye alizipata, na yeye ndiye aliyekuwa mzima zaidi. Sekunde hazimpigi mtu. Kilichonishika mimi ni kingine, kitazameni tena. Pale kona mwalimu wake, Joe Goossen, anamrudishia kinga, na katika nafasi ile finyu anamwambia kwamba sasa hana budi aingie ndani, amkaribie mwenzake. Basi. Na Corrales, aliyetoka kuhesabiwa mara mbili, anarudi kati na kufanya hilohilo aliloambiwa. Castillo anakuja kummaliza, amejiachia. Umewaona wavuvi wageni wa sangara: samaki akishafika ubavuni mwa mtumbwi wanalegeza mkono, ndipo anapopiga mkia wake wa mwisho. Ngumi ya kulia ya Corrales ikaingia, zikafuata nyingine, Castillo yuko kwenye kamba mikono imeshuka, Weeks akaingia kati. Dakika 2 na sekunde 6 za raundi.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni hili: ningekuwa kona yake nisingemtoa, kwa sababu alikuwa bado anasikia. Mnaupima moyo kwa mtu kuinuka. Kuinuka hata ng'ombe aliyekatwa huinuka. Mtu wa kona hatazami hilo. Anatazama kama neno likiingia sikioni linafika miguuni.

Na Corrales huyohuyo alishawahi kutolewa. Januari 2001 alipigana na Floyd Mayweather, akaanguka mara tano, na baba yake wa kambo, Ray Woods, ndiye aliyesimamisha pambano, raundi hiyohiyo ya 10. Corrales aliwaka kwa hasira palepale ulingoni. Watu wengi hupenda kusimulia ule usiku wa Castillo na kuuruka huu. Mimi humfikiria sana yule baba. Nafikiri kuhusu safari ya kutoka ukumbini hadi nyumbani, wamekaa gari moja.

Haya, sasa yako.

Wewe ngumi zilikuingia mapema. Michael Yombayomba alipoleta dhahabu ya Jumuiya ya Madola kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998 ulikuwa na miaka sita, ukachana kanga ya mama yako ukafunga mikono. Sikukukataza. Mwaka 2011, ukiwa na miaka kumi na tisa, nikawa mtu wako wa kona. Nilikuwa najivunia kuliko ulivyojua.

Usiku ule wa pambano lako tuliahidiwa daktari. Hakuja. Mwandaaji aliniambia yuko njiani tangu pambano la kwanza hadi lako. Corrales alikuwa na daktari kando ya ulingo. Wewe ulikuwa na mimi, ndoo ya maji, sponji, na taulo la bluu la nyumbani.

Raundi ya tatu uliangushwa, ukainuka vizuri, ukumbi mzima ukasimama. Ulikuwa na moyo, hilo usimruhusu mtu yeyote alibishe, hata wewe mwenyewe. Raundi ya nne kengele ilipolia ya mapumziko, ulitembea kwenda kona ya mpinzani wako. Ulikwenda kabisa, ukashika kamba, ukawa unasubiri kigoda. Refa alikugeuza kwa mkono. Ulipokaa nilikupa maji, ukanywa, ukaniuliza, "Baba, maji yako wapi?" Nikakupa tena. Ukameza, ukaniuliza tena vilevile, kwa sauti ileile. Nikakwambia inua mkono wa kushoto. Ukaitikia "sawa", na mkono ukabaki pajani.

Ndiyo maana nilirusha taulo ulingoni, pambano lisimamishwe.

Walinizomea, na mmoja akapiga kelele kwamba baba ndiye mwoga. Lile halikuniumiza. Kilichoniuma ni wewe kuhamia kwa mjomba wako Igoma, miezi mitatu hunisemeshi, na mimi kwa kiburi cha wazee sikuja kukueleza. Nilisema moyoni kwamba mtoto akikua ataelewa. Ungeelewa vipi jambo ambalo hukuwepo? Mwili wako ulikuwepo, wewe hukuwepo. Ilikuwa kazi yangu kukusimulia, nami nimekaa nalo miaka yote hii. Kwa hilo naomba unisamehe. Kwa taulo sikuombi, kwa sababu ingekuwa leo ningelirusha tena, na pengine mapema zaidi, pale pale uliposhika kamba za kona ile.

Mama yako anakusalimu. Amekuandalia dagaa wa kukaanga wa kutosha, nitawaweka kwenye basi Ijumaa, namba ya kondakta nitakutumia. Ukija mwishoni mwa mwaka tuitazame raundi ya 10 pamoja.

Na wewe nijibu: usiku ule unakumbuka nini baada ya kuinuka?

Baba yako