Je, saa ya Eldoret hukimbia kuliko ya Kisumu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naendesha matatu Kisumu–Eldoret. Abiria mmoja, mwanafunzi wa chuo, kaniambia saa za Eldoret hukimbia kuliko za kwetu. Ananichezea? Na nikihamia huko, nitazeeka upesi?
Dereva, Kondele

JIBU: Marahaba. Hakuchezei. Tangu 1907 mwanafizikia Einstein alionyesha kwamba uvutano wa dunia hupunguza mwendo wa wakati. Ukipanda juu, wakati huenda mbio zaidi. Eldoret imeizidi Kisumu kwa takriban mita 1,000, kwa hiyo saa ya huko hutangulia kama nanosekunde 10 (nanosekunde ni sekunde moja ikigawanywa mara bilioni) kwa siku. (Usimpe karani wa steji kisingizio hicho ukichelewa!)

Lakini tazama ramani ya simu yako hapo kwenye dashibodi. Inategemea satelaiti zilizo kilomita 20,200 juu. Mbio zao huzichelewesha saa zao mikrosekunde 7 (kila moja ni sehemu ya milioni ya sekunde) kwa siku, uvutano hafifu wa huko juu huzitanguliza 45; zinabaki mbele 38. Zisiporekebishwa, kosa hukua kilomita 10 hivi kila siku: umeegesha Kondele, ramani inadai uko karibu na Kiboswa.

Kuzeeka? Ndiyo, kidogo. Kwa miaka 80 utamtangulia nduguyo wa Kisumu kwa chini ya theluthi moja ya milisekunde, yaani ya sehemu ya elfu ya sekunde. Hama tu.