Niliuza gauni langu la harusi, sasa mama mkwe anasema nimeuza ndoa

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa mwaka na nusu, naishi Umoja na mume wangu. Tulifunga harusi Disemba 2022. Mwezi uliopita niliuza gauni langu la harusi kwa mtandao kwa sababu lilikuwa linakaa tu juu ya kabati likila vumbi. Nilipata 14,000, hizo pesa nikalipa ada ya shule na vitu vya nyumba. Mume wangu kusikia akanyamaza siku nne, sasa analala kwa kochi. Mama yake akapanda matatu ya asubuhi kutoka Nyandarua kuja kuniambia ati nimeuza ndoa ya mwanawe. Hawa watu ni washirikina sana na mila zao. Ni kweli alichangia kidogo wakati wa kununua, lakini kila saa ni stori ya ng'ombe wake, ng'ombe wake, mpaka nimechoka. Marafiki wangu wote wanasema niko sawa. Nakutumia skrinshoti ya tangazo uone gauni lilikuwa safi, sikumpunja mtu. Kisheria gauni ni la nani? Na nifanye nini huyu mama atoke kwa ndoa yangu?*
*Nimechoka, Umoja*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kulala peke yako, najua kitanda kikubwa kinavyokuwa baridi. Pole yangu imeishia hapo, sasa tuongee.

Barua yako nimeisoma mara mbili, halafu nikatafuta miwani nikaisoma tena, kwa sababu kuna vitu vilikuwa vinanikwaruza. Tuanze na ada ya shule. Mtoto wa mwaka na nusu analipa ada ya shule gani? Hata PP1, darasa la kwanza la chekechea, wanaingia na miaka minne. Mimi sijui hizo 14,000 zilienda wapi na si lazima uniambie mimi, mimi ni mtu wa kusoma barua tu, lakini baba ya mtoto anajua mtoto wake ana umri gani na hesabu ya kutoa alifunzwa darasa la kwanza. Kama hiyo stori ya ada ndiyo ulimpa na yeye, basi usishangae kochi.

Halafu hili la kununua. Umeniambia bei ya kuuza, umeniambia tarehe ya harusi, umeniambia mpaka vumbi la kabati, lakini gauni lilinunuliwa pesa ngapi hujasema. Mtu akiuza kitu chake mwenyewe hiyo ndiyo kitu ya kwanza kukutajia, "nilinunua hivi nikauza hivi, nimepata hasara." Wewe hasara huitaji kwa sababu si yako. "Mama alichangia kidogo", halafu hapo hapo ng'ombe anatokea. Mwanangu, ng'ombe si kidogo! Mimi nimekulia kwa watu wa maziwa. Mwanamke wa Nyandarua anaamka saa kumi na moja na baridi ile ya kule ya kukata masikio, anashika ndoo, anaosha chuchu na maji moto, anakamua, anabeba mtungi mpaka barabarani gari la maziwa lisimpite, na mwisho wa mwezi hiyo ndiyo pesa yake ya sukari na ya dawa ya presha na ya kutoa kanisani. Huyo ng'ombe ndiye mshahara wake. Akauza mshahara wake ili wewe usimame mbele ya watu na gauni jipya la dukani, na nina hakika ulitaka jipya, kwa sababu lingekuwa gauni la kukodisha au la mitumba huyo ng'ombe angekuwa bado anakula nyasi. Usione vyaelea, vimeundwa.

Sheria umeuliza, nitakujibu haraka. Ile Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mume au mke akimpa mwenzake zawadi wakati wako kwa ndoa, inachukuliwa kuwa ni ya aliyepewa mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Zawadi ya mama mkwe kabla ya harusi ni maneno mengine. Lakini tuseme umeenda kwa hakimu na umeshinda, gauni ni lako moja kwa moja, hongera, jioni unarudi Umoja kulala wapi?

Sasa usije ukadhani mimi ni wale wa kusema gauni la harusi haliuzwi. Mimi mwenyewe niliolewa 1995 na gauni la Gikomba, kwa soko la mitumba. Siku hizo beli zilikuwa zimeanza kumiminika, na kulikuwa na mama alikuwa anatundika magauni ya harusi juu kabisa ya kibanda, kwenye mbao, ili matope yasiyafikie. Langu lilikuwa na mabega yamefura kama mandazi, zipu imekufa, na ndani kwa bitana kulikuwa na kikaratasi cha dobi wa ng'ambo kimeshonwa na jina la mwanamke mwingine. Sikukitoa. Dada yangu akavutana bei na yule mama mpaka nikaona aibu, fundi wa cherehani pale pembeni akapunguza kiuno na kubadilisha zipu nikiwa nimesimama nangoja, tukaenda nyumbani tukaloweka pindo na sabuni ya unga, tukapaka ndimu, tukaanika juani siku mbili. Sikuwa na mpambe wa nywele wala wapiga picha wawili, na watu walisema nimependeza. 1997 binamu yangu akalivaa, halafu binti ya jirani, mwisho likakatwa likawa nguo mbili za watoto wa maua. Hata 2020 ile miezi serikali ilisimamisha mitumba kwa sababu ya korona, msichana mmoja wa kanisa letu alikuja kuniuliza kama bado ninalo, nikamwonyesha picha tu tukacheka.

Na kila mara lilipotoka kwa nyumba yangu, nilimwambia mume wangu. Baba fulani, huyu msichana anaomba gauni. Anainua macho kwa redio, anasema mpe. Neno moja tu. Wewe hilo neno moja lilikushinda.

Kwa hivyo biashara yenyewe haina makosa, na wasichana mnaonunua mnafanya akili kuliko wale wanaochukua mkopo wa simu. Ila nunueni na macho. Gauni litazamwe mchana nje, si chini ya taa ya duka, kwa sababu taa inaficha rangi ya uzee. Fungua kwapa, inua pindo, piga hesabu ya shanga zilizodondoka. Kupunguza ni rahisi, kuongeza inategemea kama fundi wa kwanza aliacha kitambaa ndani ya mshono, ndiyo maana yale ya kufunga na kamba mgongoni hayasumbui. Na mnaouza, soda ikimwagika huoni kitu siku ya harusi, baada ya miezi sukari inageuka doa la hudhurungi, kwa hivyo dobi ni wiki ile ile, halafu unalifunga na shuka safi ya pamba, si ile plastiki inayogeuza nguo kuwa njano. Haya, nimepotea kidogo, turudi Umoja.

Umesema hawa watu ni washirikina na mila zao. Mila gani? Gauni jeupe si la babu yetu yeyote. Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na jeupe 1840, matajiri wa kwao wakaiga, sisi tukaletewa na kanisa. Hakuna mzee wa Nyandarua aliyewahi kuacha neno juu ya kuuza hiyo nguo. Kwa hivyo huyu mama aliposema umeuza ndoa hakuwa anaongea mizimu, na mimi najua alitoa wapi hayo maneno, kwa sababu umenitumia mwenyewe.

Skrinshoti, mwanangu. Uliniambia nitazame gauni. Nimetazama. Umesimama kwa bustani, siku ya harusi yenyewe, shela imeinuliwa, umependeza kweli. Na picha imekatwa. Mume wako ametolewa, lakini haukukata vizuri, mkono wake umebaki. Mkono wa mwanaume, kafu nyeupe, vidole vinne juu ya kiuno chako, na pete. Chini yake umeandika: "Imevaliwa mara moja. Sababu ya kuuza, sina haja nayo tena. Bei maelewano."

Ulipokuwa unaandika hayo ulikuwa unafikiria nguo, najua. Lakini soma kama mtu mwingine. Ile kamati yenu ya harusi, wale watu walikaa Ijumaa jioni baada ya Ijumaa jioni wakitoa ahadi na kutuma M-Pesa, wote wana simu. Wafanyakazi wenzake wana simu. Umesema "mume wangu kusikia", hujasema "nilimwambia", kwa hivyo naweza kuapa kuna mtu alimtumia hiyo picha akiwa kazini na akamuuliza, boss, kwani kuna shida nyumbani? Na kuna mwingine akampigia mama Nyandarua kumpa pole. Yule mama hakupanda matatu ya asubuhi kwa sababu ya kitambaa wala ng'ombe. Alikuja kuangalia kama mwanawe bado ana mke. Hata mimi ningekuja, na ningekuja na maneno mabaya zaidi.

Halafu "marafiki wangu wote wanasema niko sawa." Hapo ndipo ndoa za siku hizi zinanichosha. Marafiki wanajua, wanunuzi wanajua, Shangazi anajua, mwenye mkono kwa picha ndiye wa mwisho kujua. Mnaficha wa ndani na mnawafunulia wa nje. Mnapangia harusi miezi minane, rangi ya leso za mezani mnazigombania mpaka usiku wa manane, droni inaruka juu ya vichwa vya wazee, na kikao cha watu wawili cha kuambiana "nimeishiwa, nataka kuuza kitu" hakuna mtu aliwahi kukipangia. Na wewe bwana wa kochi, kama unasoma, siku nne za kununa ni nyingi, watoto wadogo wananuna masaa mawili wanaomba chai. Fungua mdomo.

Huyu mama hatoki kwa ndoa yako, hilo sahau. Leo usiku mwambie mume wako pesa zilienda wapi, zote, hata kama ni nywele au ni deni la chama. Gauni usilitafute, msichana wa watu amelipa na lake, mwache aolewe kwa amani. Jumamosi mwende Nyandarua wote wawili, si simu, mguu. Beba unga, sukari na majani, na chochote kilichobaki kwa zile 14,000 kiweke mkononi mwake. Atakataa. Usirudishe kwa pochi, acha mezani chini ya kikombe. Halafu mwambie mwezi ujao mnaanza kuweka kidogo kidogo mpaka ifike ndama jike, na umaanishe, kwa sababu atakuwa anahesabu.

Na hilo tangazo, umelipiga skrinshoti juzi kunitumia, kumaanisha wiki tatu baada ya kuuza bado liko hewani. Litoe sasa hivi kabla hujaweka simu chini. Mkono wake bado uko pale kwa kiuno chako, na watu wanauliza bei.