Hilux ya 3L kuzima kwenye silensa

Habari mkuu. Umesema Hilux yako ya 3L, ile injini ya dizeli ya Toyota, inawaka vizuri asubuhi na barabarani inavuta, lakini ukisimama kwenye foleni inatetemeka kisha inazima, na filta ya dizeli umeshabadilisha. Usikubali fundi apandishe silensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) kwa skrubu, atakufichia ugonjwa tu.

Anza na hewa. Yangu ilinisumbua hivyo hivyo karibu miezi miwili. Pampu ya injini hizi inavuta dizeli yenyewe kutoka kwenye tangi, kwa hiyo mpira ukichanika upande wa kuvuta huoni dizeli ikidondoka. Hewa ndiyo inayoingia. Kwenye silensa, mizunguko kama 700 au 800 kwa dakika, povu dogo tu linatosha kuizima. Funga mpira mweupe unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, washa, angalia. Ukiona mapovu, rudi nyuma kiungo kwa kiungo hadi tangini. Mimi nilikuta ni ile pampu ya mkono juu ya filta, raba yake imekufa. Na nilikuwa nimeshanunua nozeli nne, zile za kupulizia dizeli kwenye injini, bure!

Angalia pia njia ya kurudishia dizeli kwenye nozeli. Ukiona imelowa, irekebishe.

Waya wa solenoidi ya kuzimia (kifaa cha umeme kinachokata dizeli ukizima gari) ukilegea, injini inakata ghafla bila kutetemeka, kwa hiyo kwako sidhani. Ikibaki pampu yenyewe, mpelekee fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, siyo wa chini ya mwembe.