Chupa Zimejaa Nzi, Maembe Yana Funza

SWALI: Bwana shamba, asalaam aleikum. Nimetundika chupa tatu za dawa ya kuvutia nzi kwenye miembe yangu ya boribo. Kila wiki namwaga nzi tele, lakini nikikata embe nakuta funza. Nimeuziwa dawa mbovu?
Mama mkulima, Wete, Pemba

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Dawa yako nzima. Wamwage nzi hao kwenye sinia nyeupe, uwatazame ncha ya tumbo. Jike ana mwiba uliochongoka, ndio anaotobolea ganda la embe ili atage. Huo mwiba utautafuta usiuone. Harufu iliyomo chupani, methili yujinoli, huwaita madume. Imo hata kwenye baadhi ya mirehani. Dume mmoja aliyesalimika hupanda majike wengi, na majike wenye mayai tayari hukujia kutoka kwa jirani. Chupa zina nguvu pale mtaa mzima unapotundika pamoja.

Hata mimi yalinikuta, kijijini Bambi, Unguja. Nilimpelekea mama mkwe kikapu cha boribo, ganda linang'aa. Alipokata la kwanza mbele yangu, maji yakachuruzika na funza wakaanza kuruka sinia nzima. Niliumia sana, maana asubuhi ile nilihesabu nzi zaidi ya mia katika chupa moja. Na chini ya mwembe nilikuwa nimeacha chungu ya maembe yaliyoanguka. Funza hutoka humo, hujichimbia mchangani, na baada ya siku kumi hivi huruka nzi wapya.

Kwa hiyo okota kila siku, dada, bila kuruka. Zika kina cha nusu mita, au tia kwenye mfuko mweusi, ufunge kabisa, uuache juani. Usitupe jaani.

Jike naye ana chambo chake. Anahitaji protini ili mayai yakomae, basi chambo cha protini kilichochanganywa na dawa ya kuua wadudu humleta mwenyewe. Hunyunyizi mti mzima. Sehemu ya majani yenye ukubwa wa mita moja ya mraba inatosha, kila wiki, kuanzia matunda yakiwa bado machanga. Mvua ikikiosha, rudia.

Chupa zako ziache, zitakuonyesha nzi wanapozidi. Na ukiwakuta maji moto, wale sisimizi wekundu, mtini, nakuomba usiwachome moto. Wanauma, najua, lakini nzi huogopa kutaga kwenye embe wanalotembelea maji moto hao.